Ukungu Usoni Si Sitara

Ndugu msomaji, katika koo nyingi za Wakurya msimu wa kukeketa wasichana huangukia mwezi wa Desemba wa mwaka wa shufwa, yaani mwaka unaogawanyika kwa mbili. Ilikuwa hivyo mwaka 2014, 2016, 2018, 2020 na 2022. Shule zikishafungwa na wazee wa mila wakishatoa kauli yao, wapo wasichana wa wilaya za Tarime na Serengeti ambao hawangoji zamu yao ifike. Hutoroka makwao, wakaelekea kituo cha Masanga kule Tarime, au nyumba salama ya Mugumu, au dawati la jinsia katika kituo cha polisi kilicho karibu. Na nyuma yao, baada ya siku chache, hufika kamera.

Kamera hizo ni za watu wa namna nyingi: wanahabari kutoka Musoma, Mwanza na Dar es Salaam, watengenezaji wa filamu kutoka ng'ambo, maofisa wa miradi wanaodaiwa ripoti na wafadhili, viongozi wanaokuja kukabidhi magodoro na mchele, na siku hizi hata vikundi vya misikitini vinavyopeleka sadaka na kutaka kuwaonesha waumini sadaka yao ilikofika. Wengi wao, tuwape haki yao, hawana nia ya kumdhuru mtoto. Kwa hiyo kabla ya kuitoa picha humpelekea fundi wa studio, au huifungua katika simu, wakapitisha kidole juu ya uso wa msichana, na uso ule ukageuka ukungu. Kisha nyoyo zao zikatulia.

Utulivu huo ndio tunaotaka kuujadili. Sisi tunasema kwamba ukungu ule humficha msichana kwa mtu ambaye hakupata kumjua wala hana haja naye, na haumfichi kwa ami yake. Na kwa mtoto aliyetoroka kukeketwa, hatari haipo kwa msomaji wa London wala kwa msomaji wa Kariakoo. Hatari ipo kwa ami yake.

Kabla hatujaendelea, tuondoe jambo moja njiani. Hatukusudii hapa kuingia katika ikhtilafu ya wanazuoni kuhusu picha za kamera. Tunajua kwamba baadhi ya ndugu zetu wana desturi ya kufifisha nyuso katika vitabu vya watoto na majarida kwa sababu ya mas-ala hayo, na huko, uso ukishapotea, lengo limetimia. Lakini yule msichana wa Masanga hafichwi kwa ajili ya hukumu ya taswira. Anafichwa asidhurike. Kwa hiyo kipimo cha kazi ya fundi hakiwi tena kwamba uso hauonekani, kipimo ni kwamba mwenye kumtafuta hampati. Haya ni mambo mawili mbalimbali, na kuyachanganya ndiko kulikotufikisha hapa.

Na kudhurika kwenyewe si dhana tupu. Ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai nchini Tanzania tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 5 na kisichozidi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba asilimia 8 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, na katika Mkoa wa Mara asilimia 28. Penye desturi yenye mizizi namna hiyo, anayekimbia huwa hakukimbia kisu peke yake. Amekimbia na ng'ombe wa mahari waliotarajiwa, amekimbia na heshima ya baba mbele ya wazee wenzake, na pengine ameacha nyuma yake kesi ambayo yeye mwenyewe ndiye shahidi. Aliyebaki bila kukeketwa huitwa msagane, jina ambalo hatutalifasiri, maana kila aliyekaa Tarime analijua uchungu wake. Na msimu ukipita, wengi wa wasichana hawa hurudi nyumbani. Mazungumzo hufanyika, mzazi huahidi mbele ya ustawi wa jamii na polisi kwamba hatamgusa, na mtoto hurudi kuishi katika boma lilelile pamoja na watu walewale. Sasa fikiri, ndugu msomaji, picha yake inapofika bomani kabla yake au baada yake, ikiwa na maelezo chini kwamba huyu alimkimbia baba yake.

Tufahamu kwanza fundi anafanya nini anapotia ukungu. Picha ya dijitali ni nukta nyingi zilizopangwa kwa safu, mfano wa mkeka wa ukindu, na kila nukta rangi yake imeandikwa kwa tarakimu. Programu huichukua kila nukta ikaichanganya na jirani zake, zilizo karibu zikipewa uzito mkubwa na zilizo mbali uzito mdogo, kisha ikaandika wastani wake mahali pa rangi ya asili. Hesabu inayotumika sana hunasibishwa na Carl Friedrich Gauss, mwanahisabati wa Kijerumani aliyefariki mwaka 1855, ambaye bila shaka hakuwahi kuiwazia studio ya Tarime mjini. Ipo na namna ya pili, ile ya mirabaraba, ambayo uso hukatwa viraba, na kila kiraba kikapewa rangi moja iliyo wastani wa nukta zilizokuwamo.

Neno la kuzingatiwa hapo ni wastani. Wastani hupunguza, haufuti. Mwalimu akitangaza wastani wa alama za darasa pasi na kutaja alama za kila mmoja, ameficha mengi kwa mtu wa nje. Lakini anayewafahamu wanafunzi wale, akajua nani mwerevu na nani mzito, ataanza kukisia, na makisio yake hayatakuwa mabaya. Ndivyo ulivyo ukungu. Umbo la kichwa limebaki, mstari wa nywele umebaki, rangi ya ngozi, nafasi iliyopo baina ya macho, kivuli cha shavu, vyote vimebaki kwa kiasi fulani, na kiasi hicho humtosha anayejua anachokitafuta.

Waarabu wa leo wanauita ufundi huu tamwih. Asili ya neno hilo ni maji, na lilitumika kwa kazi ya kupaka shaba au chuma maji ya dhahabu au ya fedha ili kionekane kuwa kitu ambacho sicho. Kutoka hapo likapata maana ya kughushi, na ya hila za kujificha vitani. Satr ni neno jingine kabisa. Ni pazia, ni kizuizi kinachokatisha jicho lisifike. Kiswahili kimelichukua hili la pili, nalo ni sitara yetu, wala hakikulihitaji lile la kwanza. Tunapomwambia mtoto kwamba tumemsitiri, basi tuwe tumemsitiri, tusiwe tumempaka.

Anayedhani tunatia chumvi na atazame yaliyokwisha kuthibitishwa. Mwaka 1973 Leon Harmon na Bela Julesz, watafiti wa maabara za Bell nchini Marekani, walichapisha utafiti wao uliokuja kujulikana sana kwa picha ya Rais Abraham Lincoln iliyokatwa mirabaraba mikubwa. Ukiikaribia huoni ila viraba vya kijivu. Ukirudi nyuma hatua kadhaa, au ukiyafinya macho kidogo, Lincoln anatokea mzima. Jaribio hili kila mtu anaweza kulifanya leo kwa simu yake: chukua picha yoyote ya gazeti iliyofifishwa kwa mirabaraba, iweke mbali, uyafinye macho. Mirabaraba iliyokusudiwa kuficha, simu ikiwa mbali, inageuka kuwa uso.

Lakini utafiti unaotuhusu zaidi ni wa mwaka 1999, wa Mike Burton na wenzake wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Uingereza. Walichukua mkanda wa kamera ya ulinzi, picha zake duni, unaoonesha wahadhiri wakiingia katika jengo. Wanafunzi waliofundishwa na wahadhiri wale waliwatambua vizuri mno. Watu wasiowajua walishindwa, na miongoni mwa walioshindwa walikuwamo maofisa wa polisi wenye uzoefu wa kazi yao. Jicho la mgeni, hata likiwa jicho la askari, halikuona kitu. Jicho la anayemjua mtu liliona katika giza. Hapo ndipo ilipo hoja yetu yote. Shangazi aliyembeba mtoto mgongoni hahitaji pua wala macho ili amjue. Anamjua kwa bega lake, kwa namna anavyoukunja mguu akikaa, kwa khanga aliyojifunga ambayo yeye shangazi ndiye aliyeinunua.

Mashine nazo zimejifunza kazi ya shangazi. Mwaka 2016 Richard McPherson, Reza Shokri na Vitaly Shmatikov walionesha kwamba programu ya kompyuta inaweza kufundishwa kuwatambua watu katika picha zilizokatwa mirabaraba, na hata zile zilizofifishwa kwa chombo kilichotolewa na YouTube yenyewe mwaka 2012 kwa ajili ya kuficha nyuso. Njia yao ni nyepesi kuieleza. Hawakuondoa ukungu. Walichukua picha safi za watu wanaojulikana, wakazitia ukungu uleule, kisha wakaiachia mashine ilinganishe ukungu na ukungu. Moja ya hazina za picha walizotumia ilikuwa na watu 40 tu. Msomaji aliyepata kufundisha anajua kuwa watu 40 ni mkondo mmoja wa darasa, na picha ya darasa zima hutundikwa ukutani kwa mwalimu mkuu.

Zipo pia namna za kuvuruga sura ambazo hurudishwa zilivyokuwa moja kwa moja. Mwaka 2007 polisi wa Ujerumani waliokuwa wakimsaka mdhulumu wa watoto walikuwa na picha zake mwenyewe, ila uso ameuzungusha kwa kompyuta mfano wa maji yanayozama katika tundu. Kuzungusha huzihamisha nukta tu. Mafundi wa polisi waliuzungusha kinyume, uso ukatoka, Interpol ikautangaza duniani mwezi Oktoba, na kabla mwezi haujaisha alikuwa amekamatwa nchini Thailand. Tumshukuru Allah kwa kukamatwa kwake. Lakini programu iliyomfichua dhalimu haina moyo wa kumbagua aliyedhulumiwa.

Kuna kosa jingine ambalo mafundi wengi hawalitambui, nalo linahusu ukubwa. Simu za leo hutoa picha kubwa sana, upana wake ukafika nukta 4,000. Fundi akitia ukungu mwembamba wa nukta tano, kwenye kioo chake, akiwa ameukuza uso ule, huona umefifia. Kisha picha hupunguzwa hadi nukta 800 ili itumwe. Kila nukta tano zimekuwa moja, na ukungu wake umemezwa. Uso unarudi kana kwamba hakugusa kitu. Upande wa video hali ni mbaya zaidi, maana kiraba cha ukungu humfuata mtoto akitembea, na mara kwa mara akigeuza kichwa ghafla kiraba huchelewa. Robo ya sekunde inatosha kwa mwenye nia ya kuisimamisha picha. Na sauti je? Sauti huachwa ilivyo, na lafudhi ya Kikurya inayotofautiana ukoo na ukoo inasikika kila neno.

Haya yote tumeyasema juu ya uso. Sasa tuuache uso, maana nusu ya madhara haipo usoni kabisa.

Zisome taarifa zinazotoka msimu hadi msimu. Uso umetiwa ukungu, jina limebadilishwa, na mwandishi ametutangazia mabadiliko hayo kwa fahari ya kazi njema. Halafu tunaambiwa kuwa msichana ana miaka 13, yupo darasa la sita, ametoka kijiji fulani, baba yake ana wake wawili na aliahidiwa ng'ombe kadhaa, na alitoroka usiku wa kuamkia Jumapili. Amevaa sare ya shule yake yenye nembo. Nyuma yake kuna lango la kituo, na juu ya lango pameandikwa jina la kituo. Kijijini, ni wasichana wangapi wa miaka 13 waliotoweka usiku ule? Mmoja. Basi hata angepigwa picha akiwa ndani ya gunia, kijiji kizima kinajua ni nani na yuko wapi. Ukungu hapo umefanya kazi moja tu: umemtuliza aliyepiga picha.

Ipo na anwani iliyojificha ndani ya picha yenyewe. Simu nyingi, mwenyewe asipoizima huduma hiyo, huandika katika faili la picha siku, saa na mahali ilipopigwa kwa vipimo vya latitudo na longitudo. WhatsApp huyaondoa maandishi hayo picha ikitumwa kwa njia ya kawaida, lakini ikitumwa kama hati ili isipoteze ubora, kama maofisa wa miradi wanavyopenda, huenda nayo. Katika wilaya hizi vipimo vya mahali vimekuwa neema. Tangu mwaka 2015 mradi wa Crowd2Map umewashirikisha wajitoleaji kuchora ramani za vijiji vya Tanzania, Mara ikiwamo, hata polisi na waokoaji wakaweza kufika penye vijiji ambavyo havikuwamo katika ramani yoyote. Ni kazi ya kupongezwa. Ila njia inayompeleka mwokozi kwenye boma ndiyo njia inayomleta mtu wa boma kwenye nyumba salama.

Kisha tuulize: picha ya asili iko wapi? Swali hili halikosi kuwashtua watu. Uso umefifishwa katika nakala moja, nayo ndiyo iliyochapwa. Ile safi imebaki katika kadi ya kamera, katika kompyuta ya studio ambako mafundi watatu huingia na kutoka, katika barua pepe, katika hifadhi ya mtandaoni inayojinakilia yenyewe usiku. Simu nyingine huruhusu mtu kubonyeza mahali pamoja tu, na picha iliyohaririwa ikarudi kama ilivyopigwa. Na aliyeifunika picha kwa kiraba cheusi ndani ya hati ya Word au ya PowerPoint ajue kuwa ameweka karatasi juu ya karatasi. Anayeipokea hati atakibeba kiraba kile na kukiweka kando.

Tuitazame sheria, maana wengi hudhani sheria imeagiza ukungu na wakishautia wamesalimika. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kuchapisha au kutangaza, bila ruhusa ya mahakama, taarifa au picha inayoelekea kumfichua mtoto, au anwani anapoishi, au jamaa zake. Tazama upana wa katazo hilo. Uso haukutajwa peke yake. Kijiji, lango la kituo, wake wawili wa baba, vyote vimeingia. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeziweka taarifa zinazohusu watoto katika fungu la taarifa nyeti. Kwa jirani zetu wa Kenya, ambao ni mwendo mfupi tu ng'ambo ya mpaka wa Sirari, mambo yameshafika kwenye fedha: Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Idhini ya wazazi. Hapa pana fundo ambalo halipo Uthiru. Katika mambo ya mtoto, fiqhi na sheria za nchi zote humtazama walii: mtoto hana ukamilifu wa kuamua, basi baba ataamua kwa niaba yake. Lakini huyu baba ndiye anayekimbiwa. Kumwendea kumwomba idhini ya picha ni kumpa habari, na kutomwendea ni kubaki bila idhini. Wanaobaki ni mtoto na msimamizi wa kituo. Mtoto anakula kwa mlezi, analala kwa mlezi, na mgeni aliyekuja na kamera ndiye aliyekuja na mchele. Atasema hapana kwa lugha gani? Tunaona kuwa idhini iliyotolewa katika hali hiyo si idhini, ijapokuwa karatasi ina alama ya dole gumba. Na kwa kuwa hapana mwenye uwezo kamili wa kuruhusu, picha inayomtambulisha mtoto isipigwe, iwe na ukungu au isiwe nao. Wanaovibania vituo misaada mpaka vitoe picha za namna hiyo, na waulizwe wanachokinunua.

Wapo watakaotupinga, na hoja yao ina uzito. Watasema kwamba uso uliofifishwa unamfananisha mtoto na mtuhumiwa anayetolewa mahakamani, ilhali hakutenda kosa. Kwamba ujasiri wa msichana mmoja aliyesimama na uso wake umewapa wengine ujasiri. Kwamba bila nyuso dunia isingejali. Watatutajia filamu ya In the Name of Your Daughter ya mwaka 2018, ya Giselle Portenier, iliyopigwa Mugumu na kuonesha wasichana kwa nyuso zao, ikazunguka nchi nyingi na kuitangaza nyumba salama. Hatukatai kuwa iliitangaza. Na katika lile la kufananishwa na mtuhumiwa tunakubaliana nao kabisa, nalo ni hoja dhidi ya ukungu, wala haliwi hoja ya kuonesha uso. Lakini ujasiri wa mtoto wa miaka 12 si mali ya kutumiwa na watu wazima. Rhobi Samwelly, aliyeanzisha shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania mwaka 2017, amesimulia hadharani, kwa jina lake na uso wake, yaliyompata alipokeketwa akiwa msichana. Alifanya hivyo akiwa mtu mzima, mwenye kujua anachokitoa. Wanawake wa namna yake Mara wapo, na kamera ziwaelekee hao.

Kama picha haina budi, zipo njia. Mtoto apigwe akiwa mbele ya dirisha lenye mwanga mkali ili atoke kivuli kitupu, au kamera iachwe bila kulengwa sawasawa tangu mwanzo, hata pasiwepo nakala safi mahali popote duniani. Huu ni ukungu wa kioo cha kamera, na ubora wake ni kwamba hauna nyuma ya kurudi, ijapokuwa umbo hubaki na sare ni lazima ibadilishwe. Uso ukiwa umeshapigwa, ufunikwe kwa rangi moja iliyokoza, kisha picha ihifadhiwe upya kama picha, isiachwe ndani ya hati. Ipigwe mikono inayoshika daftari, ipigwe cherehani anayojifunzia, na maelezo yaseme Mkoa wa Mara yaishie hapo. Picha ambazo ni ushahidi wa jinai ni jambo jingine. Hizo zisiguswe kwa ukungu wala kwa chochote, zikabidhiwe polisi zilivyo, maana mahakama itauliza kama zimebadilishwa; na baada ya kukabidhiwa zisibaki kwa mtu mwingine.

Linabaki lile ambalo halizungumzwi, nalo ni picha za misimu iliyopita. Zipo mtandaoni na katika ripoti, zikiwa na ukungu uliotiwa kwa programu za miaka ile, na zile safi zimelala katika kompyuta za ofisi. Aliyekuwa na miaka 12 Desemba 2014 alitimiza miaka 18 mwaka 2020 au karibu yake. Wengi wao sasa ni wanawake wazima, wengine wana waume na watoto, wengine wanaishi katika vijiji vilevile walivyovikimbia, na watoto wao wanakua na simu mkononi. Hawahitaji tena walii wa kuwasemea katika hili. Vituo vina daftari la majina yao, na mashirika yaliyopiga picha yana picha. Wakiitwa mmoja mmoja, kwa siri, wakaoneshwa kilichochapwa na kile kilichohifadhiwa, watasema wenyewe kipi kibaki na kipi kifutwe, na kazi hiyo haihitaji ufadhili mkubwa.